Alama ya Mnyoo

Fundi alikuwa mfyatua matofali, mwana wa mfyatua matofali. Alirithi kalibu ya baba yake, lile boksi la mbao la kufyatulia, na tangu ujana asubuhi zake zilianza vilevile. Alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akaingia shimoni kukanyaga udongo. Udongo wa matofali haukandwi kwa koleo peke yake. Unakandwa kwa miguu mpaka uwe laini, usibaki hata bonge moja.

Mkewe alichota maji kisimani na kuyamimina shimoni. Naye alikuwa miguu mitupu, maana tope halina adabu, hung'ang'ania kiatu. Binti yao wa miaka kumi na miwili aliitwa Kasuku, kwa sababu hakujua kunyamaza. Kwa hiyo mtaa mzima uliwaita wazazi wake Baba Kasuku na Mama Kasuku. Kazini tu ndiko baba alikoitwa Fundi.

Mafundi walikuwa tisa pale shimoni. Choo hakikuwapo. Mtu akibanwa alikwenda nyuma ya kichaka, hatua chache kutoka pale walipochimba udongo. Mvua ikinyesha, maji yalitoka kichakani yakaja shimoni. Hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kuzungumza.

Mwaka ule Fundi alianza kuumwa. Tumbo lilimsokota, likaacha, likarudi. Kiunoni alitokewa na mstari mwekundu unaowasha. Asubuhi ulikuwa hapa, jioni ulikuwa umesogea vidole vinne.

"Ni barabara mpya," alimwambia mkewe akijikuna. "Sasa hivi wanapima tu. Lami itakuja."

Mama Kasuku hakucheka. Alikuwa anasikiliza kifua cha mumewe. Kilikuwa kinapiga filimbi. Kila wiki filimbi ilizidi, na kila wiki matofali yalipungua. Siku moja Fundi alirudishwa nyumbani na wenzake wawili, mmoja huku na mmoja huku, akihema kama aliyekimbia. Hakuwa amekimbia. Alikuwa amebeba ndoo moja ya maji.

Kesho yake alikwenda hospitali ndogo ya mtaa. Daktari alimsikiliza kifuani na mgongoni.

"Kifua chako kimebana sana," alisema. "Nataka kukuanzishia vidonge vya kukituliza. Ni dawa nzuri, lakini ni kali. Unafanya kazi gani?"

"Matofali, daktari."

"Unakanyaga udongo kwa miguu mitupu?"

"Nikanyagie nini tena?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi kwanza tupime minyoo. Vidonge hivi hupunguza nguvu za mwili za kujilinda. Kuna mnyoo mmoja ambaye akiwa ndani ya mtu, halafu mtu huyo akameza vidonge hivi, anazaliana bila kizuizi. Mtu anaweza kufa. Umenielewa? Kesho niletee choo. Kidogo tu kinatosha."

Akampa kikopo chenye kifuniko.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na tafadhali tusimcheke Fundi. Kwa lugha yetu ya adabu haja zina majina mawili. Choo kikubwa ni kinyesi. Choo kidogo ni mkojo. Daktari alisema choo, kidogo tu. Fundi alisikia choo kidogo. Moyoni alishukuru, maana hakuwa na hamu ya kubeba kile kingine mbele za watu.

Asubuhi akapeleka mkojo. Maabara ilikuwa imejaa. Mhudumu aliona mkojo, akaupima kama mkojo. Hakuuliza, na Fundi hakusema. Alipewa karatasi yake, akaambiwa, "Safi, mzee." Fundi alijua kusoma tarakimu, lakini herufi zilimsumbua. Aliikunja karatasi akaiweka mfukoni.

Daktari wa jana hakuwa zamuni. Alikuwepo mwingine, na foleni yake ilifika getini.

"Hapa kwenye cheti imeandikwa upime choo kabla ya vidonge," alisema daktari huyu wa pili. "Umepima?"

"Nimepima."

"Majibu?"

"Wameniambia safi."

Daktari hakuomba kuiona karatasi. Akaandika vidonge. "Anza leo, baada ya chakula."

Alasiri ile hodi ilibishwa mlangoni. Alikuwa jirani yao, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi kwenye maabara ya hospitali kuu. Kwa miaka ishirini alikuwa ameinamia hadubini, kile chombo cha kukuza vitu vidogo, na mtaa ukamwita Bi Hadubini. Alikuja kuulizia matofali ya jiko lake.

"Karibu, jirani," alisema Mama Kasuku. "Mama mkwe wako anakupenda, umetukuta na chakula."

Bi Hadubini alikaa. Akaona bahasha ya dawa mkekani, akaichukua na kusoma maandishi yake.

"Vidonge hivi ni vya nani?"

"Vyangu," alisema Fundi. "Vya kifua."

"Umepima minyoo kwanza?"

"Nimepima. Safi."

"Ulipeleka choo kikubwa?"

Fundi alikohoa, akaangalia sahani. "Daktari alisema choo kidogo."

Bi Hadubini alicheka. Akacheka kidogo tu, kisha kicheko kikamkauka. "Kasuku, hebu isome ile karatasi ya baba yako. Kwa sauti."

Kasuku akaikunjua. "Mkojo," alisoma. "Damu, hakuna. Sukari, hakuna. Safi."

"Endelea."

"Imeisha, shangazi."

Bi Hadubini akamgeukia Fundi. "Umemeza vingapi?"

"Bado hata kimoja. Nimeambiwa nile kwanza."

"Kula. Lakini usimeze."

Mama Kasuku alisimama. "Jirani, nakuheshimu. Lakini wewe unalala upande ule wa ukuta. Mimi ndiye ninayekisikia kifua kile mpaka alfajiri. Leo tumepata dawa, unasema asimeze?"

"Sisemi mimi, Mama Kasuku. Alisema daktari aliyemtuma kupima. Minyoo hawajapimwa. Kilichopimwa ni mkojo. Na dawa ya hospitali haianzwi wala haiachwi kwa maneno ya jirani, ndiyo maana kesho asubuhi tutarudi kwake wote watatu. Akizidiwa kabla ya hapo, gonga ukuta. Tutakwenda saa hiyohiyo."

Asubuhi walimkuta daktari wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajishika kichwa.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Nilipaswa kusema kinyesi. Nimesema kwa aibu, umesikia kwa aibu."

Akampa Fundi dawa ya kuvuta kwa mdomo, inayoingia moja kwa moja kifuani, imsaidie wakati wanangoja. Vidonge akasema visimame kwanza. Kesho yake Fundi alileta choo kikubwa. Alikifunga kwa mifuko mitatu na kukitia ndani ya boksi la viatu, hata mhudumu akadhani ni zawadi. Majibu yalitoka kabla ya adhuhuri. Safari hii karatasi ilisema: Hakuna minyoo.

"Basi!" alisema Mama Kasuku. Alikuwa amechoka, na sauti yake ilipanda. "Imeandikwa hakuna. Ameze sasa!"

Bi Hadubini, aliyekuwa amepita kuwaona kabla ya kwenda kazini zamu ya mchana, alimshika mkono wakakaa kwenye benchi la nje. Fundi alikaa pembeni yao.

"Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu mtaani," alisema. "Miaka sita iliyopita nilipima choo cha mwalimu mmoja. Kifua kilimsumbua kama huyu. Niliangalia kwa hadubini mara ya kwanza, nikaangalia mara ya pili. Sikuona kitu. Nikaandika: hakuna minyoo. Akapewa vidonge kama hivyo vyenu. Baada ya wiki tatu minyoo walikuwa wameenea mwilini, mpaka mapafuni. Nilikwenda kwenye mazishi. Mkewe alinishukuru kwa kufika. Hakujua kwamba ile karatasi niliiandika mimi."

Mama Kasuku alikuwa bado ameshikwa mkono.

"Lakini hukuwaona," alisema Fundi mwishowe.

"Sikuwaona. Ndivyo nilivyopaswa kuandika: hawakuonekana. Niliandika hakuna. Siku hizi siliandiki tena neno hilo."

"Sasa kama hadubini haiwaoni, nani atawaona?" aliuliza Mama Kasuku.

"Mnyoo huyu ni mwembamba kuliko uzi. Wengine humwita mnyoo uzi. Watoto wake hutoka na choo leo, kesho hawatoki. Wakitoka ni wachache. Ukiangalia tone moja unaweza kuwakosa. Kuna kipimo kingine, pale kwetu hospitali kuu. Hakimtafuti mnyoo mwenyewe. Kinatafuta alama yake." Akamgeukia Fundi. "Kalibu yako ina alama gani?"

"Ndoana. Aliichonga baba."

"Tofali lako likivunjika vipande, nikaokota kipande chenye ndoana, nitajua ni lako?"

"Hata likiwa kwenye ukuta wa watu nitalijua."

"Basi ndivyo ilivyo. Kila kiumbe kina alama yake ndani ya mwili, kuanzia mtu mpaka mnyoo. Tunaiita vinasaba. Mnyoo akiacha kijipande chake chooni, alama imo. Ni ndogo mno, hakuna hadubini yangu itakayoiona. Lakini ipo mashine inayoinakili. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, mpaka zinakuwa mamilioni na mashine inatuonyesha. Kama alama ya mnyoo huyo haimo, mashine haina cha kunakili."

"Na haikosei?" aliuliza Mama Kasuku.

"Inaweza kukosa, kama choo kile hakikubeba hata kijipande. Hakuna kipimo cha malaika. Pengine tutarudia. Lakini inawakuta wengi ninaowakosa mimi. Tena inatofautisha mnyoo na mnyoo, maana dawa zao si moja."

Daktari alikubali, akaandika barua ya kipimo. Safari hii Bi Hadubini alieleza kila kitu bila aibu, na Kasuku akaandika kwenye daftari lake la shule. Baba akojoe kwanza pembeni. Atandike karatasi safi na kavu, choo kisiguse maji wala udongo. Achote kwa kijiti kiasi cha punje ya haragwe, akitie kwenye kichupa chenye spiriti ya maabara, afunge vizuri. Jina na tarehe viandikwe juu. Kisha anawe mikono kwa sabuni.

"Punje ya haragwe tu?" aliuliza Fundi. "Na mimi nilijaza kikopo!"

"Punje ya haragwe," alisema Bi Hadubini.

Majibu yalihitaji siku tano. Siku mbili za kwanza dawa ya kuvuta ilisaidia. Siku ya tatu, mchana, kifua kilibana tena. Fundi alikaa kitandani ameegemea ukuta, mikono magotini, midomo imebadilika rangi. Hakuweza kumaliza sentensi moja bila kupumzika. Kasuku alinyamaza, na nyumba ikawa ngeni.

Bahasha ya vidonge ilikuwa juu ya kabati. Mama Kasuku aliishusha.

"Nipe," alisema Fundi. "Kimoja tu. Nimechoka."

Mama Kasuku alishika bahasha. Alimtazama mumewe. Akimpa, huenda akamuua. Asipompa, huenda akafa mbele yake. Hakuwa na elimu ya kuamua jambo hilo, na alijua kwamba hana.

"Hapana," alisema. "Inuka, twende wakaamue wenye kujua."

Jirani hakuwepo, alikuwa kazini. Mama Kasuku na Kasuku walimshika Fundi, mmoja huku na mmoja huku, wakamfikisha hospitali ya mtaa. Alivutishwa dawa kwa mashine yenye mvuke, akawekewa hewa ya oksijeni, akalazwa. Daktari alibaki naye hadi jioni. Filimbi ilipungua. Mama Kasuku alikaa sakafuni kando ya kitanda siku mbili. Hakula sana, na aliyemsemesha alijibiwa kwa kichwa.

Siku ya tano karatasi ilitoka hospitali kuu. Daktari aliisoma akiwa amesimama.

"Alama imepatikana," alisema. "Ni mnyoo uzi. Anaye."

Fundi alifumba macho. "Kumbe ningemeza..."

"Ndiyo," alisema daktari.

"Lakini sisi humeza dawa ya minyoo kila mwaka," alisema Mama Kasuku. "Wote watatu."

"Endeleeni kumeza. Dawa ile huwaua minyoo wengine. Huyu dozi ile moja haimtoshi. Dawa yake ni nyingine, inaitwa ivermektini. Tutampima uzito kwanza, ndipo tujue vidonge vingapi."

"Aliingiaje huyu mnyoo?"

"Kwa miguu. Mtu mwenye mnyoo akijisaidia ardhini, watoto wa mnyoo hukaa kwenye udongo wenye unyevu. Ukikanyaga bila kiatu wanapenya ngozi. Wanasafiri na damu, wanapita mapafuni, wanashuka tumboni. Ndiyo maana tumbo liliuma na kifua kikapiga filimbi. Ule mstari wa kiunoni ni njia waliyopita chini ya ngozi. Na tofauti na minyoo wengine, huyu huzaliana humohumo ndani. Bila dawa anaweza kukaa na mtu miaka na miaka."

Fundi alitazama nyayo zake. Zilikuwa ngumu, zimepasuka, na udongo haukutoka kabisa kwenye mipasuko hata kwa sabuni. Miguu hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake.

Alimeza dawa mbele ya muuguzi, na kesho yake akameza tena. Baada ya siku chache alirudi nyumbani kwa miguu yake. Mstari wa kiunoni ulififia. Tumbo lilitulia. Kifua hakikupona siku moja, lakini wiki ya tatu alipanda ngazi za hospitali bila kusimama, na daktari akasema dawa ya kuvuta inatosha. Vidonge vile vikali havikuhitajika, vikarudishwa.

Familia nayo ilipimwa, punje ya haragwe kila mmoja. Alama ya mnyoo haikupatikana kwa Kasuku. Kwa mama yake ilipatikana.

"Mimi?" alisema Mama Kasuku. "Mimi siumwi hata ukucha!"

"Wengi hawaumwi," alijibu Bi Hadubini. "Anakaa kimya mpaka siku mwili udhoofike." Naye akapimwa uzito, akapewa dawa yake.

Kazi ngumu zaidi ilibaki shimoni. Fundi alisimama mbele ya wenzake wanane na kuanza kuzungumza kuhusu choo chake. Wengine waliangalia chini. Mmoja akacheka.

"Cheka," alisema Fundi. "Hata mimi nilipeleka mkojo. Ukimaliza kucheka uende ukapime."

Walipima wote. Watano walikutwa na mnyoo huyo, wakatibiwa. Mwezi uleule walichimba choo cha shimo, mbali na udongo wa kazi, upande wa bondeni, wakakijengea kwa matofali yao wenyewe. Wakaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Walinunua mabuti ya mpira, na wiki ya kwanza walitembea kama bata. Kichaka kilifyekwa. Machimbo ya zamani yakafukiwa, wakafungua mapya.

Baada ya miezi mitatu Fundi na mkewe walipimwa tena. Alama haikuonekana kwa yeyote kati yao. Siku hiyo walirudi nyumbani mapema. Kasuku alikuwa shuleni. Mama Kasuku alitenga chakula, lakini hakula.

"Siku ile jirani alipobisha hodi," alisema, "maji ya kumezea nilikuwa nimeshayamimina. Nilikuwa nakuharakisha umalize kula. Unakumbuka? Nilikwambia, kula upesi ukameze."

"Nakumbuka. Ulifanya hivyo kwa kunipenda."

"Ndiyo inayoniuma, Baba Kasuku. Ningekuua kwa kukupenda, na nisingejua mpaka nami nakufa."

Fundi alimsogelea, akamshika bega, na Mama Kasuku akalia kilio alichokizuia miezi yote ile. Alilia sana. Mumewe hakumbembeleza wala hakumnyamazisha. Alikaa naye tu, akipumua taratibu, na ndani ya chumba hicho hapakuwa na filimbi.

Alipomaliza alinawa uso, akavaa viatu, akabeba ndoo. Kisimani aliwakuta wanawake saba. Aliweka ndoo chini na kusema, "Jamani, nina neno la aibu kidogo, lakini nitalisema lote."